Re: Nimeongeza diski ya seva toka GB 40 mpaka 100 ila df -h bado inasoma 40

Mkuu hapo hujakosea kitu, ulichoongeza ni diski tu, vilivyokaa juu yake bado havina habari. Umesema ni Ubuntu yenye LVM (mfumo wa kugawa diski kwa matabaka) na lsblk (amri ya kuorodhesha diski) inaonyesha sda, yaani diski nzima, ina 100 ila sda3, yaani kipande chake cha tatu, imebaki vilevile, basi unapanda ngazi moja moja kuanzia chini na seva huizimi wala nini.

Piga snapshoti (nakala ya seva ilivyo sasa) kwanza aisee, usijifanye shujaa. Halafu kuza kile kipande:

sudo growpart /dev/sda 3

Kati ya sda na 3 weka nafasi, mimi niliandika sda3 nikahangaika weee usiku mzima nikidhani diski imekufa kumbe ni spesi tu. Na kama / (faili sistemu kuu ya seva) imejaa kabisa growpart inaweza kugoma kwa sababu inataka kuandika kitu kwenye /tmp, so futa logi za zamani upate upenyo kidogo. Ikikubali, ijulishe LVM kuwa kipande kimekua, halafu kuza LV (diski pepe ambayo / imekaa juu yake):

sudo pvresize /dev/sda3
sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Hiyo -r ndo inakuza na faili sistemu hapohapo, bila hiyo itabidi ufanye mwenyewe, resize2fs kama ni ext4 au xfs_growfs kama ni XFS. Jina la LV hakikisha kwa sudo lvs maana lako linaweza kuwa tofauti.

Ila mimi nisingemaliza zote 60, ningeweka -L +30G badala ya -l +100%FREE nibakize akiba, kuongeza ni dakika moja ila kupunguza ext4 mpaka uiunmaunti (uitoe kwenye matumizi), na / huwezi kuiunmaunti seva ikiwa inapiga kazi.

Ikigoma weka hapa majibu ya lsblk na sudo vgs tuone.