Hiyo barua pepe ya "marejesho ya kodi"

Dada, usibonyeze. Umesema ina nembo ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na inakutaka uweke nywila ndani ya saa 24 ili urudishiwe kodi. Nembo mtu yeyote anainakili, na jina la mtumaji anajiandikia apendavyo. Gusa hilo jina uone anwani yenyewe. Kiungo nacho kishikilie kwa kidole bila kukifungua, kisha tazama maneno yaliyo mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://. Yakiishia tra.go.tz, kiungo ni chao. Ikiwa tra.go.tz.marejesho.com, mwenyewe ni huyo marejesho.com, hayo ya mbele ni urembo tu.

Ila wa kuogopa zaidi ni matapeli wasiokosea hata herufi. Nina duka Kariakoo. Siku moja ankara ilikuja kutoka anwani halisi kabisa ya msambazaji wangu wa China, mzigo ni ule ule niliouagiza, kilichobadilika ni akaunti ya benki. Nikampigia kwa namba niliyozoea (si ile ya kwenye barua, maana hapo ungeongea na tapeli mwenyewe). Akashtuka. Matapeli walikuwa wameshaingia kwenye barua pepe yake, wanasoma tu, wanasubiri siku ya malipo.

Kama umeshaweka nywila, ibadilishe sasa hivi, na kila mahali ulipoitumia. Washa na uthibitisho wa hatua mbili (yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, idaiwe na hatua ya pili kama namba ya kwenye simu yako). Kama uliandika na namba za kadi, wapigie benki kabla hujanijibu hapa.