Chatu hatakuzoea wewe

Kila mgeni anayeanza kazi kwenye vizimba vyetu vya nyoka, kenge na kobe huniuliza, kabla hata hajapewa mabuti: "Kaka, huyu chatu atanizoea baada ya muda gani?" Wengi wamekulia na mbwa au paka, wanadhani ukimlisha vizuri atakupenda. Nawajibu kwamba chatu hatakuzoea wewe. Anachozoea ni kushikwa bila kudhurika. Asiyeona tofauti hapo, kung'atwa ni suala la muda tu.

Mimi niling'atwa wiki ya tatu. Nilikuwa nimetoka kuwagawia wengine panya, nikafuta mikono kwenye suruali, nikafungua kizimba cha jike niliyekwisha kumshika mara kadhaa bila shida. Sikuona hata alivyokuja. Chatu kwenye midomo ana vishimo vinavyohisi joto, na ulimi wake unaokota harufu. Mkono wangu ulikuwa wa moto na unanuka panya. Kwake ulikuwa panya. Meno yake yamepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo nilipovuta mkono nilijichana mwenyewe. Mwenzangu alikisukuma kwanza kichwa kuelekea kwangu, ndipo meno yakachomoka.

Kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kushika. Nawa tena baada ya kushika, maana reptilia wengi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakionekana wazima. Kisha tumia kulabu, ile fimbo ya nyoka yenye ncha iliyopinda: mguse mwilini taratibu kabla hujaingiza mkono, ajue kwamba huu si mlo. Akishakula, muache siku mbili au zaidi, la sivyo atatapika. Macho yakiingia ukungu wa bluu anakaribia kujivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa). Haoni vizuri na ana hasira, mpe maji umwache. Chatu aliyezidi mita mbili na nusu, watu wawili. Hakuna ubishi.

Kenge, chunga mkia. Swila na koboko hata usiniulize. Mgeni hagusi, na hakuna koboko "aliyezoea watu".

Anayenitia uchungu zaidi ni kobe, kwa sababu watu wanamwona hana neno. Tuliwahi kuletewa mmoja ametobolewa gamba ukingoni, waya umepitishwa, amefungwa kwenye mwembe kama mbuzi. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, lina damu na neva. Kulitoboa kunamuuma. Huyo alikuwa amelishwa ugali na mkate miaka mingi, gamba limeota vinundu. Kobe anataka majani, nyasi, jua, na mahali pa kujificha. Familia ile ilimpenda kweli, watoto walilia walipomwacha. Usiwagombeze watu wa namna hiyo, kesho watamficha mwingine. Waeleze kwamba kobe wa madoa anaweza kupita miaka 50, yaani angewazika baadhi yao, na kwamba hapa Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Kenya nao wana ya kwao ya 2013. Kobe chapati, yule bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe, tangu 2019 amewekwa kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa sababu wafanyabiashara wamemkomba mno porini.

Wiki ya kwanza sikupi kulabu. Nakupa kiti na daftari, ukae mbele ya kizimba kimoja uandike unachokiona. Wengi wanachoka siku ya pili, wanajaza "amelala, amelala". Binti mmoja aliandika: "Saa nne, anafoka. Nimesogeza kiti ili kivuli changu kisimfikie. Amenyamaza." Huyo nilimpa kulabu kesho yake.