Gari Linatetemeka Likisimama: Tatizo ni Mauntingi au Injini Yenyewe?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salamu. Ninamiliki Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A na gia za otomatiki. Kwa miezi kadhaa sasa, kila ninaposimama kwenye foleni gia ikiwa kwenye D, usukani hutetemeka na kioo cha ndani hucheza kiasi kwamba silioni vizuri gari lililo nyuma yangu. Nikiweka N hali hutulia kwa sehemu kubwa, lakini haiishi kabisa. Nikiwasha kiyoyozi huzidi, na ninapoingiza R husikia kishindo kimoja kutoka chini. Gari likishika mwendo sisikii chochote. Fundi wa kwanza ameniambia ninunue mauntingi zote nne. Wa pili anasema mauntingi hazina shida, nisafishe nozeli zinazopulizia petroli na kubadilisha plagi. Fedha yangu haitoshi kufanya yote kwa pamoja. Nianze na lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza inawezekana kabisa kwamba mafundi wako wote wawili wako sahihi, na ndiyo maana unahitaji zaidi mpangilio wa vipimo kuliko orodha ya vipuri. Mauntingi, yaani kishikizo cha injini chenye chuma na raba, haizalishi mtetemo. Kazi yake ni kuibeba injini na kuuzuia mtetemo wake usifike kwenye bodi. Injini ya silinda nne hutetemeka hata ikiwa nzima: ikiwa kwenye sailensa, yaani mwendo wake wa chini bila kukanyaga mafuta, ya mizunguko 750 kwa dakika, huchoma mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mchomo ni msukumo unaotaka kuipindua injini kutoka mahali pake. Raba ikiwa hai, sehemu kubwa ya msukumo huo huishia humo. Raba ikifa, msukumo huufikia usukani na kioo chako. Lakini silinda moja ikiacha kuchoma, mtetemo huwa mkubwa na wa taratibu zaidi, na hata raba mpya haiwezi kuumeza wote. Kwa hiyo anza na injini, kwa sababu kuipima hakukugharimu kipuri chochote, na kwa sababu mtetemo mdogo unaobaki ukiwa kwenye N unanifanya niishuku.

Acha injini ipate joto lake la kawaida, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, zima kiyoyozi, kisha fundi achomoe soketi ya nozeli moja, asikilize, airudishe, na kuendelea na inayofuata. Kila soketi inapochomolewa, mwendo wa injini unapaswa kushuka na mtetemo kuongezeka kwa namna inayosikika wazi. Ile ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi kitu ndiyo ya silinda inayomisi. Mafundi wengi hupenda kuchomoa waya wa plagi badala ya soketi ya nozeli, na sishauri hivyo, kwa kuwa umeme wa plagi hupiga shoti kali na petroli isiyochomwa huingia kwenye ekzosi. Silinda mbovu ikijulikana, hamisha plagi yake uipeleke silinda ya jirani. Ubovu ukihama nayo, umempata mhalifu kwa gharama ya plagi. Usipohama, jaribu waya. Injini yako hutumia distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) na nyaya ndefu za plagi, ambazo huchoka kwa umri, na waya ambao ukipimwa kwa mita ya umeme unasoma ukinzani wa zaidi ya kilo-omu 25 hauna budi kubadilishwa. Kagua pia kofia ya distributa kwa ndani, kwani vijistari vyembamba vyeusi kati ya ncha moja na nyingine huonyesha njia ambayo umeme umekuwa ukipotelea.

Ikiwa silinda zote nne zinafanya kazi, angalia sailensa yenyewe. Kiyoyozi ni mzigo, na kinapowaka mfumo unapaswa kuiongezea injini hewa ili isilemewe. Njia ya hewa kwenye throtoli (mlango unaoingiza hewa kwenye injini) pamoja na vali ya sailensa zikijaa masizi, injini hushuka badala ya kupanda, ikakaribia kuzimika, na huko chini mtetemo huwa mkali hata kama mauntingi ni nzima. Dawa yake ni kusafisha. Ninakuomba usikubali fundi akupandishie sailensa kwa kukaza skrubu ili tu gari litulie kwenye foleni: utaona utulivu kwa muda, lakini kila utakapoingiza D au R gia itaingia kwa kishindo kikubwa zaidi, na kishindo hicho hupokelewa na mauntingi zilezile zilizochoka.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mauntingi. Corolla yako inazo nne: ya kulia upande wa mkanda wa taimingi, ya kushoto inayoshika gia boksi, na mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizokaa kwenye chuma kirefu kinachopita chini ya injini. Mbili za kwanza hubeba uzito; hizi za mbele na nyuma huizuia injini isipinduke. Ukiingiza D huku umeshika breki, injini hulala upande wa nyuma na mauntingi ya mbele huvutwa juu. Ukiingiza R, hulala mbele na ile ya nyuma ndiyo inayovutwa. Kishindo chako cha R kinanielekeza kwenye ya nyuma, ambayo pia ndiyo ngumu kuiona, hivyo mara nyingi hupitwa.

Kuithibitisha, mtu anayejua kuendesha akae ndani, akanyage breki kwa nguvu na kuvuta breki ya mkono, boneti likiwa wazi. Aingize D, aongeze mafuta kidogo sana, aachie, kisha arudie kwa R. Anayetazama asimame pembeni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini ikijongea kidogo ni kawaida. Ikiruka na kugonga, kuna raba iliyokatika. Kisha zima injini, liweke gari kwenye stendi imara, weka kipande cha ubao mpana juu ya jeki, na uiinue injini kidogo tu kutokea chini. Raba inayoonekana nzima ikiwa imelala inaweza kufunguka mwanya mpana pale inapovutwa, na ndani ya mwanya huo utaona raba imepasuka hadi kwenye chuma, kingo zake zikiwa zimeng'aa kwa kusuguana. Kagua pia kama kuna oili inayotiririka kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwa maana oili huilainisha raba na kuivimbisha, na mauntingi mpya ikiendelea kulowa haitadumu.

Usiichukulie mauntingi iliyokatika kama jambo la starehe tu. Desemba 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza kuyarekebisha magari yapatayo milioni 6.7, mengi yakiwa Chevrolet ya miaka ya 1965 hadi 1970, kwa sababu mauntingi ilipokatika injini iliweza kuinuka na kuvuta akselereta ikabaki wazi. Muundo wa gari lako ni tofauti, lakini injini inayoruka huvuta mipira ya rejeta, nyaya na bomba la ekzosi, na mauntingi moja ikifa zilizobaki hubeba mzigo wake.

Kwa bajeti yako, basi, maliza kwanza upande wa plagi na sailensa, kisha nunua ile iliyothibitika kukatika. Wakati wa kufunga, bolti zote ziingizwe kwa mkono, injini ikae mahali pake bila kulazimishwa, ndipo zikazwe. Mauntingi iliyokazwa huku imejipinda hutetemesha gari kama iliyokufa.

SWALI: Fundi amenishauri nisinunue mauntingi mpya, bali ajaze raba ya tairi kwenye ile iliyochoka. Je, inafaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haifai, ndugu yangu. Raba ya tairi ina nyuzi na waya ndani yake na ni ngumu mno kwa kazi hii. Itaondoa kishindo, lakini mtetemo wote utapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Isitoshe, kipande hicho hakijashikamana na chuma, kwa hiyo kinaweza kuchomoka. Ikiwa mpya ya bei nafuu haipatikani, afadhali iliyotumika kutoka Japani, mradi uipinde kwa mikono yako dukani na kuhakikisha kwamba raba haifunguki pale inapokutana na chuma.