Kufunga toleo au kuacha ^? Inategemea unajenga nini

Mkuu, umeuliza kama uandike toleo kamili, mfano 1.4.0, kwenye package.json (faili linaloorodhesha pakeji, yaani kodi za wengine, ambazo mradi wako wa JavaScript unazitumia), au uache ile ^ ambayo npm, chombo cha kusakinisha pakeji hizo, huiweka yenyewe. Kwanza tujue: unajenga programu ya kupandisha kwenye seva yako, au laibrari, yaani pakeji ambayo wenzako wataitumia kwenye kazi zao?

Kama ni programu, funga. Ukiandika ^1.4.0 umeiruhusu npm kuchukua toleo lolote jipya zaidi, mradi halijafika 2.0.0. Hapo unategemea tu ahadi ya mtunzaji wa pakeji kwamba toleo jipya halitavunja kitu. Januari 2022 mtunzaji wa colors, pakeji ya kupaka rangi maandishi ya terminali, alitoa 1.4.1 akiwa ameingiza makusudi kitanzi kisicho na mwisho, yaani kodi inayojirudia bila kukoma. Watu ambao hawakugusa hata mstari mmoja wa kodi yao waliona skrini zimejaa neno LIBERTY na herufi zisizosomeka.

Ila kuandika 1.4.0 peke yake hakutoshi, na hapa ndipo naona vijana wengi wanakwama. Umefunga zile ulizoziandika wewe. Pakeji zinazovutwa na hizo nazo zina ^ zao, na mara nyingi ndizo nyingi zaidi. Kinachofunga mti mzima wa pakeji hizo ni package-lock.json, faili ambalo npm huandika humo toleo kamili la kila moja. Faili hilo liingie Git, unakotunza kodi yako, na kwenye seva utumie npm ci, siyo npm install. npm ci hufuata lilivyo, na likipingana na package.json inagoma. Nikikagua kazi nikalikuta kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha), sisomi mengine mpaka litolewe.

Laibrari ni kinyume: usifunge, taja matoleo kuanzia lipi hadi lipi. package-lock.json yako haimfikii anayeisakinisha. Kwenye Python kufunga ni kubaya zaidi, maana mazingira moja hubeba toleo moja tu la kila pakeji: wewe ukidai requests==2.28.0 na laibrari nyingine ikadai 2.31.0 ya pakeji hiyo hiyo, pip, kisakinishi cha Python, haina pa kutokea. Andika requests>=2.28,<3 (yaani kuanzia 2.28, chini ya 3), halafu ijaribu kweli kwa 2.28, maana wengi wanataja toleo la chini ambalo hawajawahi kuliendesha.

Na ukishafunga, usilale, mashimo ya usalama hayatakusubiri. Sisi tunatumia Renovate, roboti inayofuatilia matoleo mapya ya pakeji: inaleta mabadiliko, majaribio yakipita tunaunganisha. Tumeiwekea minimumReleaseAge (muda wa kusubiri tangu toleo litoke) ya siku 7, kwa sababu matoleo yenye virusi ya pakeji ya ua-parser-js, Oktoba 2021, yaligunduliwa ndani ya saa chache tu. Kiraka cha usalama tu ndicho hatukisubirishi.