Maswali ya Wasomaji: Silo Mbili, au Moja na Tangi la Kusubiria?

SWALI: Shamba letu lina silo (ghala la mviringo la bati la kuhifadhia nafaka) moja ya tani 120. Msimu huu tulivuna tani 300 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20. Trela zikapanga foleni, na mengine yakaanza kuota ukungu yakingoja kukaushwa. Mashine ya kuvuna inatoa tani 15 kwa saa, ya kukaushia inapokea tani 6. Tuongeze silo mbili kama ile?

JIBU: Hapana. Kilichowakwamisha ni ukaushaji. Mkivuna kwa saa 8 mnaleta tani 120, na ndani ya saa hizo mashine imekausha 48 tu. Tani 72 zinahitaji pa kukaa hadi zimalizwe usiku, saa 12 nyingine. Jengeni tangi la kusubiria la mita za ujazo 100 hivi (mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 720 za mahindi), kitako chake kiwe cha faneli yenye mteremko wa nyuzi 45 au zaidi, maana mahindi yenye unyevu hayashuki kwa hiari. Kila asubuhi liwe tupu.

Mkikausha hadi asilimia 13, tani 300 zitabaki kama 276. Nyingine ni maji yaliyokwenda hewani. Silo ya zamani ikichukua 120, zinabaki 156. Silo moja yenye kipenyo cha mita 7 na ukuta wa mita 6 inazitosha. Msingi wake utabebeshwa zaidi ya tani 4 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo udongo upimwe kwanza.

Lifti ya ndoo, ile inayopandisha mahindi juu, msiipime kwa zile tani 15 za mashine ya kuvuna. Trela ya tani 10 ili imalize kumwaga kwa robo saa inataka lifti ya tani 40 kwa saa.

SWALI: Mbona mahindi ya katikati ya silo hupata joto na kugandana, ya pembeni yakiwa mazima?

JIBU: Chenga na vumbi hutua palepale chini ya mdomo wa bomba la kujazia, na hewa ya feni hupapita kando. Silo ikijaa, fungueni tundu la katikati la chini hadi kichuguu cha juu kigeuke shimo. Mahindi yanayotoka hapo myatumie mapema. Msianze na tundu la pembeni: mzigo ukiegemea upande mmoja, bati la ukuta hujikunja. Na parafujo ya kutolea (skrubu kubwa inayosukuma nafaka nje ya silo) ikizunguka, mtu asiingie ndani hata kwa dakika moja. Nafaka inayoshuka humzamisha mtu kabla hajapata pa kushika.