Diski ya pili kwenye laptopu ya gemu: joto linatoka wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, Mtwara. Laptopu yangu ya gemu ina diski ya SSD ya GB 512 na imejaa. Hela ya korosho imeingia, nataka kuongeza NVMe, ile SSD nyembamba ya kasi, ya TB 1 kwenye tundu la pili. Ila mashine tayari inachemka, na joto la huku unalijua. Si nitaiunguza?

JIBU: Marahaba. Hutaiunguza. SSD ikipata moto sana hujipunguzia mwendo yenyewe, nyingi zikifika nyuzi 70 au 80 na kitu. Utaona tu kunakili mafaili kunajikokota.

Kabla hujatoa hela, fungua mfuniko wa chini uone tundu liko wapi. Mara nyingi limekaa jirani na mirija ya shaba inayotoa joto la prosesa na chipu ya michoro, kwa hiyo diski hupashwa moto hata ikiwa imetulia. Ndiyo maana mimi naanza na feni. Mashine ya mwisho niliyofungua, vumbi lilikuwa limeziba mapezi ya shaba, limegandana kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima kwa kibanio. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, vumbi likiingia linashika. Safisha hapo na ubadili pesti ya prosesa, ule uji unaopitisha joto, diski zote mbili zitapumua.

Kwenye kununua, usikimbilie kasi. SSD ya Gen 4, yaani kizazi cha nne, ya MB 7,000 kwa sekunde huchemka kuliko Gen 3 ya MB 3,500, na kwenye kufungua gemu tofauti yake ni ndogo mno. Ningekuwa wewe ningechukua Gen 3 yenye chipu upande mmoja. Soma mwongozo pia: matundu mengine hupokea SATA tu, aina ya zamani yenye kasi ndogo, na NVMe haitafanya kazi humo.

Bamba la kupoozea la kompyuta ya mezani liache, ni nene, mfuniko hautafunga. Tumia pedi ya joto inayojaza nafasi kati ya diski na mfuniko, mara nyingi milimita 1 au 1.5. Ikizidi unene itaipinda diski. Na bandua nailoni ya pedi pande zote mbili! Nimeshakuta pedi imebanwa vizuri kabisa, nailoni bado ipo, mwenyewe analalamika haisaidii. Chomoa waya wa betri kabla hujagusa chochote ndani.

Diski huchemka zaidi ikiandika mfululizo, mfano kuhamisha gemu ya GB 100. Hamisha alfajiri, wakati huchezi. Laptopu isikae juu ya godoro. Inua nyuma kwa vitabu viwili.

Ukimaliza, weka CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha joto la diski, cheza nusu saa, kisha soma nyuzi. Chini ya 70, endelea kucheza. Ikipita 80, piga picha ya ndani mfuniko ukiwa wazi unitumie, nione pedi imekaaje.