Sura ya filamu yako huamuliwa kabla kamera haijawashwa

Swali la kwanza la wanaoanza kuongoza filamu hapa Mombasa huwa ni ninunue kamera gani. Lingefaa liwe la tatu au la nne. Mchukue Wes Anderson wa Marekani, ambaye fremu yake moja tu yatosha kumtambua. Filamu yake fupi ya mwanzo, Bottle Rocket, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ile ndefu ya jina hilohilo ilitoka 1996 ikaanguka sokoni. Mtindo wake ulikomaa polepole, na jambo linalosahaulika ni kwamba kuanzia hiyo ya 1996 hadi Asteroid City ya 2023, filamu zake ndefu za waigizaji zilipigwa na mtu mmoja, Robert Yeoman. Kwa hivyo tafuta mpiga picha mtakayeelewana naye, kisha usimbadilishe kila mradi.

Itazame The Grand Budapest Hotel ya 2014. Kila kipindi cha hadithi kina umbo lake la fremu: miaka ya 1930 ni karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Ya 1960 ni pana, 2.40, ya karibuni zaidi ni 1.85. Hiyo ni kanuni iliyopangwa mapema, na haikuachiwa mhariri. Ile hoteli ya waridi unayoiona kwa nje ni kijimfano kilichojengwa, na ndani ni duka kuu la zamani mjini Görlitz, Ujerumani.

Nawe andika kanuni zako kwenye karatasi moja: lenzi moja, kimo kimoja cha kamera, rangi tatu. Kwa simu, tumia lenzi ya kawaida, wala si ile pana ya 0.5, kwani hupinda kuta na kuvuta nyuso zilizo pembeni.

Fremu ya ulinganifu ndiyo wengi huiga na wengi huiharibu. Tuseme ni mlango wa nakshi Mji wa Kale. Funga kamba kwenye mguu wa tripodi, pima hadi mwimo wa kushoto, kisha wa kulia. Urefu ukitofautiana, sogeza tripodi. Weka kamera katikati ya kimo cha mlango na uhakikishe kipovu cha pimamaji ya tripodi kimetulia katikati. Ukiiinua pua ya kamera ili upate nakshi ya juu, miimo itaegemeana kule juu, na hakuna kichujio kitakachoiokoa bila kukata sehemu ya picha. Rudi nyuma. Kichochoro kikikubana, chagua mlango mwingine.

Rangi nazo zinataka ukali. Leso ni nzuri, ila tatu zenye mapambo tofauti kwenye fremu moja hugombana na jicho halijui litue wapi. Mwachie mhusika mkuu iliyokolea, wengine wavae wazi. Kanzu nyeupe pepe juani ndiyo mtego mkubwa. Kamera ikiisoma kanzu, uso unakuwa giza. Ikiusoma uso, kanzu inaungua na mikunjo yote inapotea. Dawa ni kanzu ya rangi ya maziwa, mwigizaji kivulini, na karatasi ya manila nyeupe chini ya kifua imrudishie mwanga usoni. Funga mipangilio ya mwanga na rangi ya kamera kwa mkono, maana simu ikijirekebisha katikati ya shoti, ukuta wa chokaa hubadilika kutoka manjano hadi buluu mbele ya macho yako.

Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa jua liko utosini na macho huzama kwenye vivuli. Piga kabla au baada. Ndani ya nyumba, kwa fremu 25 kwa sekunde weka shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50; ukienda 1/60 baadhi ya taa zitapepesa.

Leseni ya kupiga filamu iombe mapema, na Fort Jesus ni ya Makumbusho ya Taifa, nako kuna kibali chake. Mitaani, piga hodi kwa wenye baraza, na usimpige mwanamke aliye mlangoni kwake kabla hajakubali.

Halafu adhana. Ikisikika kwenye shoti ya kwanza na isisikike ya pili, mazungumzo hayaungiki tena. Simamisha kazi hadi imalizike, kisha rekodi sekunde 60 za kimya cha mahali hapo. Mhariri atazihitaji kuziba mianya.